Safari ya Bibi Kwenda kwa Bi Somoe

Nilipokuwa mtoto huko Chiwata, mizimu iliulizwa kwa unga. Jioni mtu alimimina unga wa mtama chini ya mti, ukasimama kama kichuguu kidogo, kisha akataja jina. Ukikutwa asubuhi umesimama, hakuna baya. Ukikutwa umebomoka, aliyetajwa ana hatia ya uchawi.

Bibi yangu alikuwa Mwanglikana wa kuzaliwa, mwimbaji wa kwaya. Lakini mdogo wangu Danieli alipofariki kwa surua, sala hazikumtosha. Alimimina unga, akamtaja jirani yetu Bi Somoe, mjane aliyetuogesha sisi sote tulipozaliwa. Asubuhi unga ulikutwa umesambaa. Watu wakaacha kumwitikia salamu. Siku vijana walipong'oa mlango wake, alikunja mkeka akahamia kwa kaka yake, katika kijiji cha Mkunya, juu mlimani.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi wa korosho walipoanza kuja na magari yao. Wenzetu waliuza, walijenga, walicheka. Bibi alikonda tu.

Kwaresima moja tulikuwa tukisali nyumbani, yeye, mama na mimi. Tulipofika kwenye kuungama, bibi aliacha maneno ya kitabu.

"Bwana, nilimwona kuku," alisema. "Aliuparua ule unga mbele ya macho yangu. Nikanyamaza. Nilitaka mtu wa kumchukia."

Mama alilia kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mungu amesikia, mama. Sasa na Bi Somoe asikie."

Tulipanda Mkunya, tukamkuta Bi Somoe barazani akimenya mihogo. Bibi alipiga magoti, akasema yote mbele ya watu wa nyumba ile.

"Nimekusamehe, Mama Agnesi," Bi Somoe alimjibu bibi. "Lakini Chiwata sirudi. Kule hata watoto walinikimbia."

Jumapili iliyofuata bibi alirudia maneno yale kanisani. Wapo waliosema unga haudanganyi. Hakubishana nao. Kila msimu wa palizi alipanda mlima hadi Mkunya kumsaidia Bi Somoe shambani. Mwanzoni kila mmoja alikula kwenye sahani yake. Baadaye walikula pamoja.

Bi Somoe alifia kulekule. Msibani mtu alimuuliza bibi yeye ni nani kwa marehemu.

"Nilimkosea," alisema. "Akaniruhusu nirudi kwake."

Sasa nami nimezika wangu, najua huzuni inavyotafuta mtu wa kumtwisha lawama. Kuungama hakukumrudishia Bi Somoe nyumba yake. Kulimpa bibi mahali pa kuanzia tu, na katika umri ule, nadhani hilo halikuwa dogo.