Mzee Anasubiri Kukaribishwa

Nakumbuka jioni moja ya Novemba, mwanangu, nilipokaa kwenye kiti cha mtoto wa chekechea, magoti yakikaribia kidevu, nikisubiri mtu mzima aseme neno. Viti vidogo ndivyo vilivyobaki katika shule ile ya mtaa wetu wa Rexdale, huku ughaibuni. Vikubwa vilikwisha kuhamishwa, kwa kuwa wanafunzi wenyewe hawakuwapo tena.

Wewe unalifahamu jengo lile kwa kipande chake tu, hiki kilichosalia. Wakati huo lilikuwa zima, la matofali mekundu, na korido yake ilinukia chaki na makoti yaliyolowa theluji. Watoto walipungua taratibu, kama maji yanavyokauka kwenye beseni lililosahauliwa uani. Wazazi vijana walihamia mji jirani wa Brampton kutafuta nyumba yenye ua, na kwenye maghorofa tukabaki sisi wa zamu za viwandani pamoja na wazee wetu. Mwisho kengele ikanyamaza.

Lakini jengo halikufa siku hiyo. Bodi ya shule ilituruhusu kuutumia ukumbi wa mazoezi mwisho wa wiki. Humo watoto walisoma Kurani na Kiswahili, humo tulioza mabinti zetu, na zaidi ya yote, humo tulikaa matanga. Hili usilichukulie jepesi. Kabla ya kupata ukumbi, mume wa jirani yetu Bi Zuhura alipofariki, matanga tuliyaweka kwenye korido ya ghorofa, kina mama wameketi juu ya mikeka mbele ya lifti. Kila mlango wa lifti ulipofunguka, mtu na mifuko yake ya dukani alitukuta tunalia. Msimamizi wa jengo akaja, kwa upole kabisa, akatuambia njia iachwe wazi, maana moto ukizuka watu watapita wapi. Bi Zuhura, mfiwa mwenyewe, akanyanyuka akaukunja mkeka wake. Ile mikono ikikunja mkeka sijaisahau mpaka leo.

Basi tukasikia shule itauzwa yote, ivunjwe, zijengwe nyumba. Bodi ikaita mkutano mlemle ukumbini: mwenye neno aje aseme. Tulijaa nusu ya ukumbi. Na tulikwenda na utaratibu wetu tuliotoka nao nyumbani: mkubwa ndiye hufungua maneno, na mkubwa hafungui mpaka akaribishwe. Mkubwa wetu alikuwa Mzee Shabani, aliyekuwa karani wa reli kule Tabora ujanani mwake. Alikaa safu ya mbele, koti zito juu ya kanzu, bakora katikati ya magoti, maneno yake ameyapanga kichwani tangu asubuhi. Sisi vijana, wenye Kiingereza chetu cha shuleni, tulikaa nyuma yake na midomo tumeifunga.

Mwenyekiti alikuwa mama mmoja wa Kizungu mwenye sauti ya taratibu. Hakujua lolote katika hayo. Kwake yeye, mwenye neno huenda mwenyewe kwenye kipaza sauti. Bwana mmoja akaenda akalalamikia magari yanayoegeshwa ovyo. Mwingine akataka nyumba zianze kujengwa upesi. Kisha mama yule akatazama upande wetu.

"Kuna mwingine?"

Mzee Shabani akamwinamishia kichwa kwa heshima, akasubiri. Mama naye akamwinamishia kichwa, akageuza karatasi yake.

"Mbona Mzee hasemi?" nilimnong'oneza Mjomba Hamisi, kaka yake mama yangu, aliyekaa kando yangu.

"Hajakaribishwa."

"Huyu mama hajui kama ni yeye anayetakiwa kumkaribisha!"

"Basi nenda kamfundishe, mwalimu. Ila ukisimama kabla ya Mzee, Jumapili usije kwangu kula."

Mama akauliza tena. Kimya chetu kwetu kilikuwa adabu. Kwake kilikuwa jibu. Nikamwona anatafuta kifuniko cha kalamu, afunge mkutano. Mbele yangu Bi Zuhura alikuwa anakunjakunja pindo la mtandio wake, vilevile alivyoukunja ule mkeka.

Nikasimama. Kiti nacho kikanibana nyonga kikasimama pamoja nami, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nikakibandua, nikasema kwa Kiingereza, "Samahani, mama. Mimi sina neno. Nimesimama kukueleza kwamba mzee wetu anasubiri kukaribishwa."

Mama yule hakucheka. Aliweka kalamu chini, akatoka nyuma ya meza, akaja mpaka mbele ya Mzee Shabani. "Karibu, bwana," akamwambia kwa Kiingereza. "Tafadhali, tunakusikiliza."

Mzee akanyanyuka, akasema kwa Kiswahili, nami nikawa natafsiri. Hakuomba huruma. Alishukuru kwa miaka ambayo watoto wetu walifundishwa pale. Akaeleza ile korido, ile lifti, ule mkeka, wala hakumtaja mwenye msiba. Akamalizia, "Shule hii imekosa watoto, haikukosa watu. Watoto wakirudi, tutawapisha siku hiyohiyo."

Hawakutuachia lote. Madarasa yalivunjwa, na zile nyumba unazozipita ukienda kituo cha basi zimesimama palipokuwa na ubao na madawati. Ukumbi na jiko vikabaki, vikawa vya mtaa mzima: Wasomali wana siku zao, Wajamaika wana zao, nasi tuna zetu.

Jioni ile ile ya mkutano, tulipotoka nje, Mzee aliniita. Nikajua nimekwisha.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna, Mzee. Nisamehe."

"Yule mama alipouliza mara ya kwanza, ulikuwa wapi?"

Nikaitazama bakora yake.

"Mimi desturi za hawa sizijui, binti yangu. Wewe unazijua. Unaniona nimesimama mbele ya mlango uliofungwa, nawe uko nyuma yangu na ufunguo mfukoni, eti unaniheshimu. Heshima gani hiyo?" Akanigonga kiatu kwa bakora, kisha akatabasamu. "Na Hamisi akikunyima chakula, njoo kwangu."

Mwanangu, nakwambia haya kwa sababu bodi imeita mkutano tena, Alhamisi hii. Safari hii wanachotaka kuuza ni ukumbi wenyewe, kile kipande tulichobakiziwa. Majengo yaliyoachwa hayakosi wa kuyasemea, na mara nyingi anayesema ni yule asiyewahi kulia ndani yake. Heshimu wakubwa zako, lakini usiifanye heshima kuwa kufuli. Ukiona wanasubiri mahali ambapo hakuna anayejua kwamba wanasubiri, simama useme, hata ukiwa na kiti kiunoni. Na najua kila ninachokuuliza kwa Kiswahili unanijibu kwa Kiingereza. Nilikuwa naudhika. Alhamisi Kiingereza chako hicho kitanifaa.

Mzee Shabani hayupo tena, na Bi Zuhura tulimlilia palepale ukumbini, mikeka imetandikwa ukuta hadi ukuta, hakuna aliyetuambia tukunje. Kwa hiyo Alhamisi nitakayekaa safu ya mbele ni mimi. Nitakuwa nimeyapanga maneno yangu tangu asubuhi, nami sitafungua mdomo mpaka nikaribishwe. Ndivyo nilivyolelewa, sasa nimezeeka, sibadiliki. Wewe kaa nyuma yangu. Usingoje waulize mara ya pili.

Mungu akupe kauli njema na moyo usiotetemeka. Kila mlango utakaoupigia hodi, ukute ndani yake mtu wa kukwambia karibu, na wewe uwe mtu huyo kwa wengine.