Mchanga wa Pembeni mwa Lundo

Keti hapa karibu, mwanangu, lakini mimi usinitake nitulie. Mfereji wa jikoni ukikohoa tu nainuka kuuangalia, na kila mara nakumbuka siku moja kule Komarock ambapo maji yalikataa kupanda.

Nilikuwa msichana aliyetoka chuoni juzi, kichwa kimejaa fomula, na maringo yangu usiniulize. Ploti yetu, jumba la kupanga la orofa nne, ilitumia maji ya kisima, yenye kutu, yaliyochafua hata nepi. Wapangaji wakanipa kazi ya kutengeneza chujio, tangi lililojazwa mchanga. Sasa, maji yakipenya kwenye mchanga hupoteza presha. Ilibidi nipige hesabu: yatapoteza kiasi gani, na itakayobaki itayafikisha orofa ya nne? Huko juu nilikaa na dada yangu Nafula, ambaye alikuwa hospitalini, amejifungua kwa upasuaji. Nikamwambia, "Wewe rudi tu nyumbani. Maji utayakuta jikoni."

Mchanga ulipomwagwa, Mzee Wafula, mtunza pampu wetu, aliniambia nichimbe katikati ya lundo nipime chembe za huko. Nilikuwa nimevaa viatu vipya. Nikainama pembeni, nikachota kiganja kimoja, nikapima, nikaandika.

"Mzee, hii kitu ina hesabu yake," nikamjibu. Naona aibu kulisema hata leo.

Siku Nafula aliporudi, tukafungua maji. Chini yalitoka safi kabisa. Orofa ya pili yakadondoka. Kwetu ikaja hewa tupu. Nilizunguka pampu, nikarudia hesabu mara tatu, na kila mara ilikubali. Nilipopanda hatimaye, nilimkuta Nafula kwenye ngazi za orofa ya tatu, ameegemea ukuta, jerikeni miguuni, gauni limelowa damu tumboni. Alikuwa amechoka kungoja, akashuka kujichotea mwenyewe, na mshono ukafumuka.

Tulimkimbiza hospitalini akashonwa upya. Alipona, Mungu alinihurumia.

Niliporudi, Mzee Wafula alitia sepeto katikati ya mchanga uliobaki, akanimiminia kiganjani. Ulikuwa laini kama unga.

"Ulichota wapi?"

"Pembeni, mzee."

"Chembe kubwa zinaporomoka, msichana wangu, zinaishia huko pembeni. Hizi ndogo ndizo ziko ndani ya tangi. Mbona hukuingia katikati?"

Nikaangalia viatu vyangu. 

Chembe zikiwa ndogo kwa nusu, presha inayopotea huwa mara nne. Nililijua hilo vizuri, hata kwenye mtihani nililipata. Mchanga niliouhesabia ndio haukuwa ule uliokuwa ndani ya tangi.

Nafula hajanilaumu hata siku moja, mwanangu, na hilo ndilo linalonikosesha raha. Angenigombeza, labda ningekaa kitini kama wazee wenzangu.

Kwa hiyo nisikilize. Ukipigia watu hesabu, ingia katikati ya kitu chenyewe, uchafuke. Mtu aliyefanya kazi miaka mingi akikwambia chimba, chimba. Na usimwambie mtu "njoo, maji yapo" kabla hujapanda mwenyewe mpaka mfereji wa mwisho ukaufungua kwa mkono wako. Mungu akuzidishie akili, akupe watu wa kukuamini, na akuepushe na kumkuta hata mmoja wao pale ngazini.