Fomu Iliyouliza Maana

Nianze na kosa lenyewe, kwa sababu nimelibeba muda mrefu na sasa limeanza kunizoea: mwaka 2013 niliidanganya wilaya nzima kwa kipaza sauti. Sauti haikuwa yangu. Maneno ndiyo yalikuwa yangu, yote, pamoja na mikato.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo nyumbani tulikubaliana tusiyazungumze, na nilikuwa naishi na bibi yangu kijijini Heru Juu, wilaya ya Kasulu, nikimsaidia kulima maharage na mihogo. Bibi aliongoza kikundi cha ngoma cha wanawake tisa, yeye akiwemo, wote wenye wajukuu. Baadhi walizaliwa hapohapo. Wengine, kama yeye, walivuka kutoka Burundi wakikimbia vita, wakiwa wasichana, wakalima, wakazaa, wakapata uraia. Wakiwa kwenye mstari hukuweza kujua nani ni nani. Kiha na Kirundi vinakaribiana, na miguu ilikaribiana zaidi.

Kuingia kwenye mstari ule ndicho kitu nilichokitaka kuliko vyote. Hakuna aliyenifundisha kucheza. Kila Jumamosi walipofanya mazoezi niliwarekodi kwa simu, kisha nilikwenda nyuma ya nyumba, nikaisimamisha simu kwenye tofali na kurudia hatua mpaka kuku wakahama. Nilihesabu kila kitu. Nilijua mguu wa kulia unapiga chini mara ngapi kabla mikono haijapanda juu kama pembe za ng'ombe, na nilijua ni nani kati yao huwahi na nani huchelewa. Nilitafuta kamba ya katani, nikaifunga mafundo kwa vipimo sawa, ili kila mchezaji asimame kwenye fundo lake. Waliishukuru sana ile kamba. Wakaanikia vitenge.

Walinikubali baada ya mwaka mzima wa kuwabebea ngoma.

"Mwacheni aingie," alisema mmoja wao, mwembamba, mwenye ulimi mkali kuliko wote. "Anahesabu kwa mdomo. Angalau tutajua tumefika wapi."

Sasa, katika ngoma ile kuna mahali. Baada ya makofi ya tatu mstari mzima unasimama ghafla, na kila mtu anageuza kichwa kutazama nyuma juu ya bega la kushoto. Kimya. Halafu wanaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Mara ya kwanza nilipoiona hatua hiyo nywele zilinisimama. Nilijua pale pana jambo.

Kisha ikaja fomu. Kulikuwa na sherehe za wilaya zinakuja, zingefanyika uwanja wa mpira wa Kasulu, na vikundi vyote vya ngoma vilitakiwa kujiandikisha. Aliyezigawa fomu alikuwa kijana mgeni kutoka pwani, mpole sana, aliyejitahidi kutusalimia kwa Kiha. Alitusalimia "mwakeye", yaani mmeamkaje, saa kumi jioni. Wale bibi walimjibu kwa heshima zote kwamba wameamka salama.

Fomu iliuliza jina la ngoma, asili yake, idadi ya wachezaji. Mwisho kabisa iliuliza maana ya ngoma na maana ya kila hatua, na hapo paliachwa mistari minne mitupu.

Nikamfuata bibi. Alikuwa na wenzake, wanapukuchua mahindi.

"Bibi, kwa nini mnageuka nyuma?"

"Kwa sababu ni wakati wa kugeuka."

"Lakini maana yake ni nini?"

"Maana yake, wewe ukiendelea kwenda wakati wenzako wamesimama, utamkanyaga mtu."

"Andika kwamba shingo zetu bado zinafanya kazi," akasema yule mwembamba.

Walicheka mpaka mahindi yakamwagika. Mimi sikucheka. Tatizo langu ni kwamba siwezi kuacha nafasi wazi. Hata kwenye mtihani wa hesabu wa kidato cha nne sikuacha nafasi wazi hata moja, na nimeshawaambia ulivyoishia.

Basi nikaenda mjini kurudisha fomu, nikakaa kwenye benchi nje ya ofisi na kalamu ya kuazima, nikaandika. Niliandika kwamba wachezaji wanageuka nyuma kukumbuka nyumba zao walizoziacha zikiwaka usiku wa kukimbia, na kuwaaga waliobaki. Niliandika kwamba mikono inapopanda juu ni maombi ya kuvuka mto. Mistari minne haikunitosha, nikageuza karatasi.

Ukweli ni huu. Sikujua kama nyumba yao iliungua. Sikujua kama walikimbia usiku au mchana. Bibi hakuwahi kusimulia, nami sikuwahi kumuuliza, kwa kuogopa kuuliza vibaya. Kutunga kulikuwa rahisi kuliko kuuliza. Na nilipomaliza nilijisomea, nikatokwa na machozi kidogo kwa jinsi nilivyoandika vizuri.

Sikumwambia mtu. Nilidhani fomu huwa zinafungiwa kabatini.

Siku ya sherehe ilipokaribia niliwabembeleza waniache nitangulie kuingia uwanjani, niwe wa kwanza kwenye mstari, kwa kuwa mimi ndiye ninayejua hesabu. Walitazamana. Tangu nikiwa mtoto, aliyetangulia kwenye mstari alikuwa bibi siku zote.

"Haya, tangulia," bibi alisema. "Ila mtu wa mbele akikosea hana wa kumsingizia."

Sikulala vizuri kwa furaha. Nilipiga pasi kitenge changu mara tatu, nikapiga pasi na cha bibi, akakikunja na kukiweka chini ya mto kama kawaida yake.

Uwanja ulijaa. Tulipanga mstari kando ya goli, mimi mbele, bibi nyuma yangu, wengine nane nyuma yake. Mshereheshaji akatutaja, kisha akakohoa, akafunua karatasi, na nikasikia maneno yangu yakitoka kwenye spika mbili kubwa. Nyumba zikiwaka. Usiku wa kukimbia. Maombi ya kuvuka mto. Alisoma mbele, akageuza karatasi, akasoma na nyuma.

Niligandamana na ardhi.  Kisha nikamsikia bibi akisema jambo kwa Kiha, taratibu, kwa aliye nyuma yake. Jambo lile likapita mdomo kwa sikio mpaka mwisho wa mstari, na huko mwisho mtu akaguna, ule mguno wa mtu anayezuia kicheko kanisani.

Ngoma zikalia. Tukaingia. Niseme bila aibu kwamba nilicheza vizuri. Hofu inaninyoosha mgongo. Makofi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikasimama ghafla, nikageuza kichwa juu ya bega la kushoto kwa huzuni yote niliyoifanyia mazoezi kwenye tofali, na nikakutana na nyuso tisa zinanitazama.

Hakuna aliyegeuka. Hata mmoja. Walisimama wima wamenikodolea macho, na bibi yangu, hatua moja kutoka kwangu, alikuwa amenyanyua nyusi kama mtu anayesubiri kuulizwa njia.

Nikasahau hesabu yote.

"Endelea, mwana wanje," akasema bila kuchezesha midomo, akiniita mwanangu kwa Kiha. "Watu wanatazama."

Tulimaliza. Sijui jinsi tulivyomaliza. Tukaitwa mbele ya meza kuu, ambapo mgeni rasmi, mama mmoja mtu mzima aliyevaa suti ya kitenge, alisimama na kusema ameguswa sana. Alisema amesikia maelezo, na amefuatilia kwa makini, na ameona kwamba ni mmoja tu aliyegeuka nyuma, yule mdogo. "Wazee wetu wameshasamehe, wanatazama mbele," alisema. "Kijana ndiye anayebeba kumbukumbu. Ni sanaa ya hali ya juu sana."

Watu wakapiga makofi. Na hapa nikiri jambo baya kuliko fomu yenyewe: kwa muda kama wa pumzi mbili nilifikiri, naam, ndivyo nilivyokusudia.

Lakini mama yule alikuwa mtu anayependa kujua. Akampa bibi kipaza sauti. "Bibi, tuambie mwenyewe. Kwa nini ninyi hamkugeuka?"

Bibi alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili kama mchi.

"Kwa sababu hapa hakuna mbuzi," alisema.

Mgeni rasmi aliinama kumsogelea.

"Mbuzi, Bibi?"

"Mbuzi. Ngoma hii tuliianzia uani kwa mwenzetu mmoja, sasa ni marehemu. Yeye ndiye aliyekuwa mbele. Nyuma yetu alikuwa ameanika mihogo yake, na mbuzi wa jirani walikuwa wezi. Akisikia kitu anasimama, anageuka kutazama mihogo. Na sisi tunasimama, tunageuka. Alipofariki tukasema hiyo tusiiache."

Kicheko kilianzia kwa watoto waliokaa kwenye nyasi, kikapanda mpaka meza kuu. Huko nyuma mtu mzima na akili zake akalia kama mbuzi. Mgeni rasmi alifuta macho kwa leso, kisha akauliza tena, kwa sauti ya chini kidogo, lakini kipaza sauti kilikuwa karibu. "Na hizo nyumba zilizoungua?"

Bibi alinitazama. Alinitazama muda mrefu kiasi kwamba niliona vizuri alama ya kitenge kilichokunjwa ikipita begani kwake. Nilijua anaweza kusema neno moja tu, na wilaya nzima ingejua mimi ni nani, na kikundi kisingenitaka tena.

"Hayo," alisema, "tutayaongea nyumbani."

Katika ukoo wetu maneno hayo hayajawahi kufuatwa na habari njema.

Wenzake walipanda bodaboda, wawili wawili. Kila pikipiki iliyotupita barabarani ilikuwa na bibi wawili waliolia "meee" wakifika usawa wangu. Yule mwembamba alimwamuru dereva wake apunguze mwendo ili alie kwa nafasi. Bibi yangu hapandi pikipiki, kwa hiyo tulitembea, na ni mwendo mrefu.

Niliomba msamaha kwa namna ninayoijua, yaani kwa maelezo marefu. Nilieleza kuhusu mistari minne. Nilieleza kuhusu benchi na kalamu. Aliniacha mpaka maneno yakaniishia.

"Mbona hukuniambia ni mbuzi?" nikamalizia, na nikasikia mwenyewe kwamba nimevuka mpaka.

"Ningekuambia, ungeandika mbuzi?"

Nikafikiri. "Nisingeandika."

"Kwa nini?"

"Mbuzi si historia, Bibi."

"Ni kwa sababu hukumjua mwenye mihogo," alisema.

Tukapita shamba la mtu, tukapita jingine. Nilitaka kumuuliza jambo moja tu, kama Jumamosi nije au nisije, na sikuthubutu.

"Mchana," akasema ghafla.

"Nini, Bibi?"

"Tulikimbia mchana. Wewe umeandika usiku. Na hakuna aliyegeuka nyuma. Mama alisema, tazama kisigino cha aliye mbele yako, usitazame kitu kingine. Mbele yangu alikuwa shangazi. Siku tatu nimetazama kisigino cha shangazi. Kilikuwa na ufa, hapa." Alisimama, akainama, akanionyesha kwenye mguu wake mwenyewe. "Udongo mwekundu umeingia mle ndani. Tulipovuka mto Malagarasi maji yakausafisha ule ufa, ukawa mweupe. Tukatembea, ukaingia udongo tena. Nyumba kama iliungua mimi sijui. Sijawahi kujua."

Akainuka polepole, mkono kwenye goti.

 Nilikuwa nimeandika moto kwa sababu moto unasikika vizuri kwenye spika. Kisigino nisingekitunga hata ningepewa kurasa mia.

"Bibi," nikasema mwishowe. "Jumamosi nije?"

 Alinyoosha kidole kwenye njia nyembamba inayokata katikati ya mihogo kwenda kwetu, ambayo watu wawili hawawezi kutembea sambamba.

"Tangulia," alisema.

Nikatangulia. Alinifuata nyuma, karibu, nikisikia pumzi yake na ndala zake, na nilijua anakotazama. Nilijitahidi kukanyaga sawasawa. Sijawahi kutembea kwa uangalifu namna ile, hata uwanjani. Tulikwenda hivyo mpaka tukaona bati la nyumba yetu, na hapo ndipo akazungumza.

"Visigino gani hivi," alisema nyuma yangu. "Jumamosi uje umevisugua."