Mwaka Uliofunikwa na Chokaa

Simu ya kaka yake ilimkuta binti juu ya ngazi, akikwangua chokaa kwenye jiwe la juu ya mlango wa ghala la kale bandarini. Baba amefariki. Mzee alilinda ghala hilo miaka arobaini, na kwa kupenda usafi akaufunika mwaka wa kujengwa uliochongwa hapo. Afisa wa jiji alisubiri chini. Asipouona mwaka huo, uthibitisho kwamba ghala ni la kale kiasi cha kulindwa na sheria, tingatinga lingeanza kubomoa.

"Mzee alipaka kama anayefunika aibu," fundi aliyemshikia ngazi alitania, kisha akaona machozi. "Shuka, dada."

"Bado tarakimu moja. Ndivyo baba alivyoniagiza."

Ilipojitokeza, afisa aliusoma mwaka mara mbili, akaamuru tingatinga liondoke.

Alasiri walimzika baba. Binti alitia udongo kwa mikono yenye chokaa, akaitikia amina.