Usingizi wa Mrina Asali

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa muuguzi wa wodi ya wanaume mjini Tabora. Nilikuwa nimetoka masomoni kujiendeleza, nikijiona nayajua magonjwa yanavyoingia mwilini na njia yanazopita.

Asubuhi moja mwanamke wa upande wa Ntalikwa alimleta mumewe, mrina asali, akiwa amelala ndani ya lori la tumbaku. Nilimtambua palepale. Wiki tatu nyuma, nikiwa zamu ya wagonjwa wa nje, nilimgusa paji la uso, nikampa vidonge vya malaria, nikamwita anayefuata. Sikumwuliza anafanya kazi gani.

Mke alieleza kwamba mumewe usiku halali, huzunguka nyumba akiongea peke yake, na mchana husinzia tonge likiwa mkononi. Kijijini walisema anakwepa shamba la pamoja. Mwenyekiti alimsimamisha mbele ya watu akamwita mvivu. Akasinzia hapohapo aliposimama, watu wakacheka.

"Hata mimi nilicheka, sista," alisema. "Nilikuwa nimeshamchoka."

Nikamfunua miguu. Juu ya kifundo palikuwa na kovu jeusi, alipoumwa na mbung'o porini. Vimelea vya malale huanzia hapo, huingia damuni, na homa yake hufanana sana na malaria. Vikiachwa huvuka hadi ubongoni, na huko dawa inayotumika mwanzoni mwa ugonjwa haivifikii. Daktari alivuta maji ya uti wa mgongo, tukayatazama kwa hadubini. Vilikuwamo, vinajipindapinda. Nikazifikiria zile wiki tatu.

Ilibaki dawa yenye arseniki. Daktari alimwambia mke kwamba huokoa wengi, lakini wengine huwavimbisha ubongo. Alikubali, angefanya nini?

Siku za kwanza mgonjwa alichangamka, akaomba uji, akamtania mkewe. Siku ya sita akaanza kutukutika mwili mzima. Nilijua kila kilichokuwa kikitokea ndani ya fuvu lile, jinsi ubongo ulivyokuwa ukivimba na kukosa pa kwenda. Ujuzi wote huo ukanifikisha kwenye kumlaza ubavu, kumfuta mate na kumdunga sindano ya kutuliza. Nikamdunga tena. Alasiri pumzi zikakatika.

Mkewe hakulia mara moja.

"Kilichomuua ni ugonjwa au dawa?"

"Vyote viwili, mama. Na mimi nilichelewa."

Nikamsimulia habari ya vile vidonge. Akajifunika kanga usoni na kunipa mgongo. Nikamsihi hivyohivyo, nikiongea na mgongo wake, awalete wote waliokuwa wakienda porini na marehemu. Sikudhani kama amenisikia.

Baada ya mazishi alirudi na shemeji zake wawili. Mkubwa hakuwa na kitu. Mdogo alikuwa na vimelea damuni, ila maji ya mgongo yalikuwa bado safi, kwa hiyo ile dawa kali hakuihitaji. Alipona. Mwanamke yule alikaa naye wiki zote za sindano, akimpikia na kumfulia. Kila nilipopita alivuta miguu yake nipate njia, wala hakunisemesha.