Kayaki Iliyoondoka Bila Abiria

Saa kumi na mbili asubuhi, na bwawa halionekani. Ukungu umeshuka mpaka kwenye ngazi za gati. Ile miti mikavu iliyozama tangu maji yalipozuiwa inachomoza nusunusu, matawi tu. Mwanamume mwembamba ameketi kwenye kayaki ya plastiki iliyofungwa gatini mbele na nyuma, na mota ya umeme inazunguka taratibu mgongoni kwake.

Haiungurumi. Ukitega sikio unasikia maji yakichezacheza, basi.

Mkewe anapiga magoti ukingoni. Anashika kamba nyembamba nyekundu iliyobanwa kwenye jaketi la kujiokolea alilovaa mumewe, anaivuta. Kipande cha sumaku kilicho mwisho wa kamba kinachomoka kwenye swichi. Hapo mota inapaswa kuzima, kama vile mtu ameanguka majini.

Haizimi.

"Vuta tena," anasema mume.

"Nivute nini, Baba Pacha? Si hii hapa mkononi mwangu?"

Wanatazamana, na mapanga ya mota yanaendelea kukata maji kana kwamba hakuna aliyesema kitu. Mwanamume ananyoosha mkono nyuma ya kiti na kuchomoa waya wa betri. Maji yanatulia. Jasho limemtoka, na asubuhi yenyewe ni ya baridi.

Hapa gatini wanamwita Abiria. Ukimuuliza sababu anacheka, lakini kicheko chenyewe hakidumu.

Kwa miaka mingi alivua kwa kasia, akirudi na mabega yanayowaka na ndoo moja ya samaki. Alipofunga mota, ndoo zikawa mbili. Mota humkokotea mshipi polepole kwa mwendo mmoja, naye mikono yake imebaki na kazi ya kuvua tu.

"Haina moshi, haina kelele, samaki hawashtuki," anasema. "Ndiyo uzuri wake. Ubaya wake pia ndio huo huo."

Mwaka jana, asubuhi ya ukungu kama hii, jua lilianza kupenya na joto likamchosha. Akavua jaketi, akakivalisha kiti cha kayaki. Kofia akaitundika juu ya kiti. Kamba nyekundu ikabaki imebanwa pale pale kwenye jaketi, na wala hakuifikiria.

"Kamba ilikuwa mahali pake pa siku zote," anasema. "Ningejuaje kwamba mimi ndiye siko mahali pangu?"

Mshipi ukanasa kwenye tawi. Akainuka kidogo, akainama kuunasua, kayaki ikayumba na kumtupa. Alipoibuka majini, kayaki ilikuwa inakwenda zake. Kwa akili ya mota, mtu alikuwa bado ameketi. Ukungu ukaimeza.

Akaogelea hadi kwenye mti mkavu, akaukumbatia. Alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Ndipo akasikia maji yakichezacheza nyuma yake.

Kayaki ilikuwa inarudi. Alipoanguka aliupiga usukani teke, ukakaa upande, na sasa chombo kilikuwa kinazunguka. Akajirusha kukidaka, akakikosa, mapanga yakampata mguuni. Anapandisha suruali kuonyesha kovu refu kwenye muundi. Baada ya hapo, kila alipoisikia inakuja, alijivuta juu ya mti kadiri alivyoweza.

"Ilipotokea tena, nikaona mtu amekaa," anasema, na sauti inashuka. "Ana jaketi langu, ana kofia yangu. Nikamwita, 'Bwana, nisaidie!' Akanipita. Hata shingo hakugeuza."

Anateremsha suruali kufunika kovu.

"Nilijua ni jaketi. Naapa nilijua. Lakini niliendelea kumwomba."

Si yeye peke yake aliyedanganyika. Jirani yake mvuvi wa nyavu, ambaye mdomo wake haujawahi kwenda likizo ndiyo maana anaitwa Kasuku, alikuwa karibu akivuta nyavu.

"Nikamsalimia, 'Jirani, umeamkaje?' Kimya," anasimulia Kasuku. "Akazunguka, akarudi. Nikamsalimia tena, kimya. Nikamwambia, kumbe mota ndiyo imekutia kiburi! Mara ya tatu akapita karibu kabisa, nikaona ile kofia haina uso chini yake."

Alifuata upande ilikotoka kayaki hadi akamkuta jirani yake juu ya mti, midomo imebadilika rangi, haachii tawi hata alipoambiwa aachie. Kayaki yenyewe waliikamata kwa kuitupia wavu. Mapanga yalijiviringishia nyuzi mpaka fyuzi ikaungua.

"Vitu vyote vya kumwokoa vilirudi salama," anasema mkewe, Mama Pacha. "Jaketi kavu, kamba imefungwa, kofia haina hata tone. Aliyelowa ni yeye."

Tangu hapo masharti ni ya Mama Pacha. Jaketi halivuliwi majini, hata jua liwe kali vipi. Kasia haliachwi nyumbani. Betri haichajiwi chumbani wanakolala watoto. Na kila asubuhi, kabla kayaki haijafunguliwa, yeye mwenyewe anavuta kamba.

"Nilimwona ananichosha," Abiria anakiri. "Kila siku inazima, kila siku anavuta. Leo ndiyo mara ya kwanza haijazima."

Anaibeba mota hadi kwenye benchi nje ya nyumba. Kuitunza anaitunza: huisuuza kwa maji safi, hutoa mishipi iliyojisokota nyuma ya mapanga kabla haijakata mpira unaozuia maji, hukausha vichwa vya betri na kuvipaka grisi. Lakini anapofungua kijisanduku cha swichi, tone la maji linadondoka. Ndani kuna kutu ya kijani, na vyuma vimeshikana.

"Hiki nilikuwa nakitupia kwenye ndoo pamoja na jaketi bichi," anasema taratibu. "Kila siku."

Samaki wamepanda juu wiki hii, na wateja wanasubiri gatini. Anautazama ukungu, anaitazama mota.

"Betri si naweza kuichomoa kwa mkono?" anauliza.

"Ukiwa juu ya mti?"

Mama Pacha anaingia ndani, anatoka na kasia, anamwekea magotini.

Mpango wa Abiria sasa ni kununua swichi mpya, na kuwashawishi wenzake wote wenye mota wasijivutie kamba wenyewe.

"Mtu akijivutia mwenyewe, anavuta huku akili iko kwa samaki," anasema. "Avute mtu anayetaka urudi."

Ana tumaini jingine, analisema akiwa ameshaketi kwenye kayaki: siku moja kuvua tena karibu na ule mti. Samaki wa pale ni wanono. Lakini bado hajaweza kuusogelea.

Mota ameiacha benchini; anasukuma gati kwa kasia. Jaketi limefungwa hadi kidevuni. Ukungu unachukua ncha ya kayaki, kisha mabega yake, kisha kofia.

"Nani amekaa?" inasikika sauti ya Kasuku kutoka mbali. Siku hizi ndivyo wavuvi wa hapa wanavyosalimiana.

Hakuna jibu. Maji yanachezacheza kwenye nguzo za gati. Mama Pacha amesimama ukingoni, kamba nyekundu ameizungushia vidole.

"Nani amekaa?" anaita yeye.

Anasubiri. Anavuta pumzi aite tena.

"Ni mimi!" sauti inajibu kutoka ndani ya ukungu. "Mama Pacha, ni mimi!"

Ndipo anageuka kwenda kuwaamsha watoto.