Mawe nimeyasikia, mtumbwi sikuujua ulipo

Leo saa tano asubuhi nimeibuka baharini ubavuni mwa mtumbwi usio wetu. Mwenyewe alikuwa ameshika chupa ya baruti ya kulipulia samaki.

Mimi huzamia pweza huku Mikindani, shemeji Hamisi hubaki mtumbwini. Akiona hatari hugonga mawe mawili ndani ya maji, mara tatu, nami naibuka.

Leo kagonga. Nimesikia vizuri, kama mawe yamo kichwani mwangu.

Kosa langu ni kuufuata mlio. Nikaenda kushoto, mlio uleule. Nikageuka kulia, uleule. Majini sauti huja kutoka kila upande, na penye kina kifupi miamba huirudisha tena.

Pumzi ikaniishia. Nikaibukia kwenye kivuli cha kwanza nilichokiona.

Yule bwana alikuwa na njiti ya kiberiti inayowaka. Tukatazamana.

"Unatafuta nini hapo?"

"Mtumbwi wetu."

Njiti ikamfika vidoleni, akaitupa majini.

"Ule kule. Na mimi hukuniona."

Nikaogelea hadi kwa shemeji, nikashika ukingo wa mtumbwi.

"Nimegonga mpaka mkono umekufa ganzi," akasema. "Wewe ukaona ukamsalimie kwanza?"

Tumekubaliana: akigonga, naibuka hapohapo nilipo, kisha macho ndiyo yautafute mtumbwi. Ninyi mnaozamia mnaitana vipi? Niandikieni.

Tulipokuwa tunavuta mtumbwi mchangani, baruti ikalia. Pale ufukweni kila mtu aligeuza shingo upande uleule, ulikotoka mlio.